Kisu cha ala na kosa la kukipima kwa rula

Tangu tarehe 1 Agosti 2025, mtu anayeishi England au Wales akikutwa na upanga wa ninja amevunja sheria, hata kama ameutundika ukutani sebuleni kwake na hajawahi kuushusha. Upanga wenyewe umetajwa kwa vipimo: bapa la inchi 14 hadi 24, na ncha iliyokatwa kwa pembe kwa mtindo wa Kijapani. Karibu mwaka mmoja kabla ya hapo, tarehe 24 Septemba 2024, ilikuwa zamu ya visu viitwavyo vya zombi, vile vyenye bapa linalozidi inchi 8, ncha kali na madoido kama meno ya msumeno au matundu. Habari hizo zilipofika kwenye makundi ya WhatsApp ya Waswahili walioko huko, zilisomwa kwa namna moja tu: serikali imeamua kupambana na visu vikubwa vya kutisha. Kutoka hapo watu wakarukia hitimisho ambalo sheria haijalisema popote, kwamba kidogo hakina neno. Kijana mmoja wa ukoo wetu aliyeko Leicester alinitumia picha ya kisu cha ala, yaani kisichokunjwa na kinachokaa ndani ya ala, bapa lake halizidi urefu wa kidole, cha kuning'iniza shingoni kwa mnyororo mwembamba chini ya shati. Akauliza: "Mjomba, hiki si kiko chini ya kipimo? Nataka cha kutembea nacho tu, lolote likitokea."

Jibu langu ni kwamba kisu kile ni zana nzuri, na kwa shabaha aliyoitaja ni chaguo baya kuliko karibu chochote angeweza kuweka mfukoni. Ni baya mbele ya sheria, na ni baya kwa kazi yenyewe ya kujihami. Watu huyatenga mambo haya mawili: wanasheria hutisha kwa jela, mafundi wa kupigana hubishana juu ya mpini na ncha, na kila upande huona mwenzake hajui anachokisema. Mimi naona yanakutana mahali pamoja, dukani, wakati mnunuzi anapojiuliza kisu hiki ni cha nini. Akijibu "cha samaki" au "cha kazi bustanini", kila kinachofuata kinanyooka, kuanzia unene wa bapa hadi maelezo atakayompa askari njiani. Akijibu "cha kujilinda", ameshanunua kitu kibovu kwa kazi aliyokikusudia, na ameshajiandikia ushahidi dhidi yake mwenyewe.

Tuanze na sheria, kwa kuwa ndiko kulikoharibika usomaji. Sheria inayotawala visu barabarani England na Wales haikuletwa na ninja wala zombi. Ni ya mwaka 1988, kifungu cha 139 cha Sheria ya Haki ya Jinai, na inakataza kuwa na kitu chochote chenye makali au ncha kali mahali pa umma bila sababu ya msingi. Imeacha nafasi moja tu ya wazi: kisu cha mfukoni cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7 na ushei. Tangu 1993 mahakama zimesema kwamba kisu cha kukunja ambacho bapa lake likifunguliwa linajifunga mpaka ubonyeze kitufe hakihesabiki kuwa cha kukunja. Maana yake ni kwamba kisu cha ala, ambacho hakikunjwi hata kidogo, hakina kipimo cha usalama. Kiwe cha sentimita 20 au cha sentimita 3, kimo ndani ya katazo. Rula aliyoishika kijana wetu ni ya kisu cha aina nyingine kabisa. Adhabu inaweza kufika miaka 4 jela, na tangu 2015 mtu mzima anayekutwa na kosa hilo mara ya pili kwa kawaida haepuki angalau miezi 6.

Wala si kweli kwamba watunga sheria walikuwa wamelala juu ya visu vidogo hadi leo. Visu vya springi, vile vinavyochomoka kwa kitufe, vilipigwa marufuku 1959. Orodha ya silaha zilizokatazwa ya mwaka 1988 ilishika pia kisu cha ngumi, kile chenye mpini unaokaa kiganjani na bapa likatokeza kati ya vidole, pamoja na kisu kinachofichwa kwenye kifungio cha mkanda. Vyote viwili ni visu vidogo visivyokunjwa, na vyote viwili vilitengenezwa kwa ajili ya mwili wa mtu. Miaka karibu arobaini kabla ya upanga wa ninja kuandikwa magazetini, kisu kidogo cha kujihami kilikuwa kimeshaingia kwenye orodha. Kilichoongezwa majuzi ni aina za vitu ambavyo huruhusiwi kuwa navyo hata nyumbani. Kuhusu barabarani, hakuna kilicholegezwa.

Kinachobaki ni hiyo "sababu ya msingi", na mzigo wa kuithibitisha uko kwa aliyebeba. Sheria yenyewe imetaja mifano: kazi, dini, na vazi la kitaifa. Ndiyo maana Msikh hutembea na kirpani yake, kisu cha dini yake, na Mskoti akachomeka kisu chake kwenye soksi siku ya harusi. Kujihami hakumo. Tena kuna sheria ya zamani zaidi, ya 1953, inayofanya kitu chochote kuwa silaha iwapo aliyekibeba amekusudia kumdhuru nacho mtu, na anayesema "nilikuwa nacho ili nikivamiwa nimchome" amekiri kusudi hilo kwa kinywa chake, hata kama kitu chenyewe ni bisibisi. Mahakama zimeacha upenyo mwembamba kwa mtu mwenye tishio mahususi lililo karibu kumfika. Hofu ya jumla kwamba mtaa umeharibika haipiti humo.

Kuna kesi ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 ambayo ningependa kila fundi na mpishi aliyeko kule aijue. Mtu alikuwa na kisu kwa ajili ya kazi yake halali. Siku 6 baadaye polisi wakamsimamisha, wakakikuta mfukoni, naye akasema amesahau kukitoa. Hakuna aliyemshuku kwamba alitaka kuchoma mtu. Hata hivyo mahakama ikasema kusahau peke yake si sababu ya msingi, kwa kuwa sababu inapimwa kwa saa ile uliyokutwa nacho, na saa ile hakuwa kazini. Kisu cha halali Jumatatu kimekuwa kosa Jumapili, na hakijabadilika hata unywele. Ukielewa kesi hiyo umeelewa mfumo mzima: kisu hakiangaliwi peke yake, kinaangaliwa pamoja na mtu, mahali na saa.

Hapa ndipo ninapopingana na wale wanaosema England imemnyima raia haki ya kujilinda. Haki hiyo ipo, tena ni pana kuliko wanavyodhani. Mwaka 1971 Baraza la Faragha mjini London, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa nchi kama Jamaika, likiamua rufaa iliyotoka huko, lilisema mtu aliyeshambuliwa hawezi kutazamiwa kupima kwa mizani kiasi halisi cha nguvu anachohitaji, na akifanya kile ambacho kwa dakika ile aliamini kwa unyofu kuwa cha lazima, huo ni ushahidi mkubwa kwamba alijihami ipasavyo. Kwa hiyo mama aliyeingiliwa na mwizi jikoni usiku, akashika kisu cha vitunguu kilichokuwa mbele yake, anaweza kusimama mahakamani na akatoka huru. Lakini kutumia na kubeba ni mashtaka mawili. Mtu anaweza kuachiwa kwa kumjeruhi aliyemvamia na papo hapo akafungwa kwa kutembea na kisu alichomjeruhi nacho. Wanaoshauri vijana kwa kusema "sheria inaruhusu kujihami" wanasema kweli nusu, na nusu wanayoiacha ndiyo inayomkuta kijana kituo cha mabasi, ambako mara nyingi hajashambuliwa na yeyote, amesachiwa tu.

Ushauri wenyewe unatoka wapi? Sehemu kubwa unatoka Marekani, na sisemi hivyo kwa kuwalaumu wanaoutoa. Mtu anayezungumza kwenye video kutoka Texas yuko kwenye jimbo ambalo tangu 2017 mtu mzima anaruhusiwa kubeba hata kisu kinachozidi inchi 5 na nusu, isipokuwa sehemu kama shule na mahakama. Massachusetts, jimbo lisilojulikana kwa ulegevu wa silaha, mahakama yake ya juu iliamua Agosti 2024 kwamba kukataza visu vya springi kunakiuka Marekebisho ya Pili ya katiba ya nchi, yanayolinda haki ya kubeba silaha, kwa kuwa kisu nacho ni silaha inayolindwa. Yule mtu akikueleza namna ya kuficha kisu ndani ya kiuno cha suruali, anaongea na majirani zake. Ujerumani nako kuna kipimo kingine: kisu cha ala hadi sentimita 12 kwa ujumla hakikatazwi kubebwa, lakini baada ya shambulio la kisu la Solingen la Agosti 2024 kimezuiwa kwenye sherehe za hadhara na sehemu nyingi za usafiri. Kisu kile kile kikipanda ndege mara mbili kimekuwa haki, kosa na kitu cha kawaida. Msikilizaji aliyeko Leicester, Nairobi au Tanga humwona mtaalamu anayejua chuma, akadhani anajua pia polisi wa mtaa wake.

Huku kwetu hakuna rula, na watu wengine hulichukua hilo kama ruhusa. Kisu kinaonekana kila mahali: kiunoni kwa mgema kiko kotama, mvuvi ana cha kukatia kamba, mchinjaji anavuka barabara nacho kimefungwa gazeti, na walinzi wa Kimasai wamekaa na sime nje ya majumba Dar es Salaam bila mtu kugeuza shingo. Oman, ambako ndugu zetu wengi wana makaburi ya mababu, hanjari, lile jambia la kupinda, imo kwenye bendera ya taifa, na ufundi wake pamoja na desturi zake uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya turathi mwaka 2022. Hakuna anayemkimbia mzee wa Muscat aliyevaa hanjari siku ya Idi. Vyote hivyo vinavumilika kwa sababu anayeviona anajua vipo pale kwa nini. Mwondolee kijana mnazi, mtumbwi na bucha, mweke saa 5 usiku kwenye kichochoro akiwa na kisu ndani ya soksi, na sheria za huku zina makali yake. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 308, inamtia hatiani anayekutwa na silaha ya hatari katika mazingira yanayoonyesha alikusudia kutenda jinai, na kifungo chake hakipungui miaka 7. Neno zito hapo ni "mazingira". Tanzania, vifungu vya 18 hadi 18C vya Kanuni ya Adhabu vinatambua wazi haki ya kujitetea na kumtetea mwingine, kisha vinaifunga kwa nguvu inayostahili. Ukipitiliza na mtu akafa, ni kuua bila kukusudia. Mwendesha mashtaka anayetaka kuonyesha kwamba ulipitiliza atafurahi sana kusikia kwamba kisu ulikichagua wiki tatu kabla kwa sababu ya ncha yake.

Niache mahakama kidogo nishike kisu chenyewe, kwa kuwa ninakipenda na sitaki kionewe. Kisu kidogo cha ala kinakishinda cha kukunja kwa kazi karibu zote za mikono. Hakina kiungo cha kuingia mchanga, magamba ya samaki au utomvu; unakisuuza, unakifuta, kimekwisha. Hakiwezi kukufungia vidole ukikibana vibaya. Ukikifungua, tazama msuka, kile chuma kinachoingia ndani ya mpini: ukifika mwisho wa mpini una kisu cha kudumu, ingawa Wasweden wanaotengeneza visu vya Mora wametuonyesha kwa miaka mingi kwamba hata msuka mfupi uliokazwa vizuri hudumu. Bapa la sentimita 6 hadi 10 linatosha mtu wa kawaida. Unene ndio wengi hukosea: milimita 2 au 2 na nusu hupita kwenye muhogo na kwenye katoni bila kusukumwa, ilhali visu vinavyouzwa kwa jina la ulinzi huwa vinene mara mbili ya hapo, hupasua badala ya kukata. Chuma chenye kaboni nyingi hunoleka upesi kwenye kinoo chochote, lakini kiache usiku mmoja na chumvi ya Unguja au Mombasa uone kutu asubuhi. Kwa watu wa pwani chuma kisichoshika kutu ni bora, hata kama kinataka subira zaidi kukinoa. Wahunzi wetu wanaofua springi za magari hutoa visu vigumu vya bei nafuu, mradi usiwaombe bapa jembamba sana. Ala ya ngozi inapendeza na inanyonya maji. Ya plastiki haipendezi na inaoshwa. Ipindue ala chini juu uitikise: kisu kikidondoka, irudishe dukani. Rangi ya mpini nayo si urembo. Mpini wa machungwa au mwekundu unaonekana kwenye majani, na askari akiuona mkononi kwako anaona kifaa. Kile cheusi chote, bapa hadi mpini, kimepakwa rangi ili kisiangaze usiku, na sijawahi kupata jibu zuri la kwa nini mkata maembe anahitaji kutoonekana usiku.

Sasa mchukue mtu yule yule anayetaka cha kujihami na uone jinsi kila sifa inavyogeuka. Kisu cha kazi hakina kizuizi kati ya mpini na bapa, kwa kuwa kizuizi kinakwaza ukataji. Mkono ukilowa jasho au damu na ncha ikagota kitu kigumu, vidole huteleza hadi kwenye makali, na wapelelezi huwatambua wengi waliochoma wenzao kwa majeraha ya viganja vyao wenyewe. Ala inayokishika vizuri ukikimbia ndiyo ile ile inayokukatalia ukiwa na haraka. Kisu kilichofichwa chini ya shati na koti kinahitaji mikono miwili na sekunde kadhaa. Mwaka 1983 Dennis Tueller, askari wa Salt Lake City, alieleza jaribio ambalo polisi duniani hulitumia mpaka leo: mtu wa kawaida anavuka futi 21, karibu mita 6 na nusu, kwa sekunde moja na nusu hivi. Alikuwa akizungumzia muda wa askari kuchomoa bastola iliyo wazi kiunoni, tena askari aliyefunzwa. Kwenye kichochoro aliyekuvizia hayuko mita 6. Yuko mgongoni, au anakuuliza saa.

Na hata kikitoka kwa wakati, kisu kidogo hakisimamishi mtu. Waliochomwa mara nyingi husimulia kwamba walidhani wamepigwa ngumi, wakaendelea kupigana au kukimbia dakika nzima kabla hawajaona damu. Unachokitaka ukivamiwa ni adui akome sasa hivi. Kisu kinaweza kumuua baada ya robo saa na kisimzuie kukumaliza kwa sasa, na hayo ndiyo matokeo mabaya kuliko yote: umeumia, umeua, na hujajiokoa. Zaidi ya hayo kinakuweka pale pale ulipotakiwa kuondoka. Mwenye kisu husogea karibu, kwa sababu bila kusogea karibu hakina kazi. Kwa simu na pochi ya elfu hamsini hiyo ni biashara mbovu.

Upande wa pili una hoja, na yenye nguvu kuliko zote hailetwi na wapenda visu. Inaletwa na mwanamke anayetoka zamu saa 6 usiku akashuka daladala mahali pasipo na taa. Inaletwa na waliokuwa kwenye vitongoji vya Dar es Salaam Septemba 2022, magenge ya vijana yaitwayo Panya Road yalipoingia nyumba hadi nyumba na mapanga, na polisi wakafika baadaye. Kumwambia mtu huyo "mwachie serikali" ni kumtukana, na mwandishi anayeandika makala haya nyuma ya geti lenye mlinzi hana haki ya kulisema hilo kwa wepesi. Naikubali hoja yake yote isipokuwa hatua ya mwisho. Hitaji lake ni la kweli. Kifaa ndicho hakilingani na hitaji. Dhidi ya vijana kumi wenye mapanga, kisu cha kidole kimoja hakimlindi, na mlango wa chuma pamoja na filimbi za majirani wanaoitikiana vingemfaa zaidi. Dhidi ya mtu mmoja mwenye nguvu kuliko yeye, kisu kinachonyang'anywa kimeongeza silaha upande usiotakiwa. Tochi yenye mwanga mkali na kengele ndogo ya kupiga kelele hazina fahari ya kuvaa shingoni, lakini zinatoka mfukoni kwa mkono mmoja na hakuna nchi niliyoitaja inayokufunga kwa ajili yake. (Dawa ya pilipili ya kupuliza ni jambo jingine: Uingereza huihesabu pamoja na silaha za moto zilizokatazwa, na wageni wengi hulijua hilo kituoni.)

Hoja ya pili ni kwamba kukionyesha tu kunatosha, mwizi ataogopa. Wakati mwingine ataogopa kweli. Mara nyingine aliyekuja na ngumi atatoa alicho nacho, na kilichokuwa wizi kinakuwa mapigano. Hakuna anayeweza kukuambia kabla ni ipi kati ya hizo mbili, na hapo kwenye kutojua ndipo anapofia kijana aliyebeba kwa hofu. Kule London wanaofanya kazi na vijana wamekuwa wakisema kwa miaka kwamba wengi hubeba kwa woga, si kwa ujambazi, na woga huambukiza darasa zima.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayopendwa zaidi, nayo ni kwamba kidogo hakiui, kwa hiyo hakimu atalegea na mvamizi atapata funzo tu. Haina msingi hata mmoja. Mwili wa mtu hubonyea. Madaktari wa uchunguzi wa maiti wanajua vizuri kwamba jeraha linaweza kuwa na kina kinachozidi urefu wa bapa lililolifanya. Mtu anayezuia kisu hasimami kama bango, anajigeuza, anakurupuka, na bapa linakwenda asipokusudia aliyelishika. Hakuna jeraha la kisu la "kumfundisha adabu" ambalo mtu anaweza kulipanga akiwa anatetemeka. Na wanaosema hakimu atalegea wamesahau kwamba kisheria hawajajipunguzia chochote kwa ufupi wa bapa: England kisu chao kimeshakatazwa bila kujali urefu, na Afrika Mashariki atakachoulizwa ni kusudi na kiasi cha nguvu.

Serikali ya Uingereza yenyewe imechangia usomaji huu mbovu. Kila inapotangaza orodha mpya yenye majina ya sinema, zombi, ninja, inawafundisha watu kwamba hatari ina sura fulani. Orodha hizo zina faida yake. Kisu cha zombi hakina kazi jikoni wala shambani na sioni aliyepungukiwa kwa kukikosa. Lakini kifaa kinachoongoza kwa mauaji ya visu kule ni kisu cha jikoni, kile kile kilichomo kwenye droo ya kila nyumba, na mshambuliaji wa Southport wa Julai 2024, aliyewaua wasichana watatu kwa kisu, alikiagiza chake mtandaoni akiwa na miaka 17, chini ya umri ambao sheria inaruhusu kuuziwa. Ndiyo maana mjadala sasa umehamia kwenye kukagua umri wa mnunuzi mlangoni, na hata kwenye visu vya jikoni visivyo na ncha, pendekezo ambalo mwigizaji Idris Elba alilisema hadharani Januari 2025 na watu wakamcheka haraka mno. Mpishi hutumia ncha mara chache kuliko anavyodhani. Kwa wabunge wetu wanaopenda kuiga, cha kuiga ni ukaguzi wa muuzaji, kwa sababu orodha ya maumbo itapitwa na mfua vyuma wa kwanza atakayebadilisha pembe. Kwa wazazi walioko Leicester, Reading au Birmingham, kutafuta panga chini ya kitanda cha mtoto ni kuangalia pasipo. Hesabuni visu vya jikoni.

Kuhusu kijana wetu, nilipomuuliza zaidi niligundua kuwa ameanza kazi kwenye duka la samaki, na bosi amemwambia aje na kisu chake. Basi hapo ana sababu, na ana haki ya kuchagua vizuri: bapa la sentimita 10 au zaidi kidogo, jembamba, chuma kisichoshika kutu, mpini wenye rangi ya kuonekana, ala ya plastiki. Akifunge kwenye taulo, akiweke chini kabisa kwenye begi chini ya aproni, atembee nacho kutoka nyumbani hadi kazini na kurudi, bila kupitia mpirani wala kwa rafiki. Barua fupi ya mwajiri ikae kwenye begi hilo. Au, jambo ambalo nilimshauri kwanza, amwombe bosi kabati lenye kufuli ili kisu kilale dukani, kwa sababu Ijumaa usiku akiwa amechoka atasahau kukitoa, na kuhusu kusahau mahakama ya kule imeshatoa jibu.